Azules de Veracruz waliitwa wezi mwaka 1946. Mbona si 1940?

Katika simulizi nyingi za besiboli ya Marekani, timu ya Azules de Veracruz inatokea ghafla mwaka 1946. Tajiri wa Mexico aitwaye Jorge Pasquel anafungua mkoba, wachezaji wa Ligi Kuu za Marekani wanavuka mpaka kwenda kusini, kamishna anayesimamia ligi hizo anawafungia, magazeti ya New York yanapiga kelele. Baada ya miaka michache fedha zinakauka, timu inakufa, na hadithi inaishia hapo. Tarehe zote ni sahihi, lakini picha inayobaki kichwani mwa msomaji si sahihi. Kufikia 1946 Azules walikuwa wameshatwaa ubingwa wa Mexico mara 3, na kwa miaka 6 walikuwa wakichukua wachezaji kutoka Marekani kwa njia ileile, bila kujali wamefungwa na mikataba ya nani. Tofauti ilikuwa moja. Wale wa mwanzo walikuwa Weusi, na hakuna ofisi yoyote ya Ligi Kuu iliyonyanyua simu kwa ajili yao.

Hilo ndilo linalonifanya niirudie timu hii kila mara. Sijui klabu nyingine inayoonyesha waziwazi kama hii kwamba mchezo mmoja, katika nchi moja, ulikuwa na sheria mbili za mikataba: moja kwa wachezaji weupe, nyingine kwa Weusi.

Tuanze bandarini. Mji wa Veracruz, kwenye Ghuba ya Mexico, ni mji wa besiboli tangu zamani. Timu yake ya Águila ilianzishwa mwaka 1903, miaka 22 kabla ya mwandishi wa michezo Alejandro Aguilar Reyes, aliyejulikana kwa jina la Fray Nano, kuunda Liga Mexicana pamoja na Ernesto Carmona mwaka 1925. Wakati Ligi Kuu za Marekani hazikuruhusu Mweusi kukanyaga uwanjani, Águila walikuwa na Martín Dihigo, Mcuba mweusi aliyeweza kucheza karibu kila nafasi. Mwaka 1938 Dihigo alishinda michezo 18 kama mrushaji, yaani anayewarushia mpira wapigaji wa upande wa pili, na kupoteza 2 tu, na msimu huohuo akaongoza ligi nzima kwa wastani wa kupiga, 0.387, yaani mapigo safi 387 katika kila majaribio 1,000. Kwa mtu wa soka, hebu fikiria golikipa asiyefungika ambaye mwisho wa msimu ndiye pia mfungaji bora. Águila walikuwa mabingwa mwaka 1937 na 1938.

Kwa hiyo Veracruz ilikuwa na timu yake, na timu hiyo ilikuwa na ubingwa. Azules lilikuwa jambo jingine kabisa.

Jorge Pasquel alizaliwa Veracruz mwaka 1907. Yeye na ndugu zake walijenga utajiri mkubwa katika uwakala wa forodha, biashara ambayo mafanikio yake yanategemea sana unamjua nani serikalini, na wao walimjua Miguel Alemán, mtu wa jimbo lao, aliyeingia ikulu ya Mexico Desemba 1946. Mwezi Aprili 1914, Pasquel akiwa mtoto, jeshi la majini la Marekani lilishambulia na kuikalia Veracruz. Waandishi wengi wamesimulia kwamba chuki ya siku zile ndiyo iliyomsukuma kuzivamia Ligi Kuu miaka 32 baadaye. Mimi naipa hoja hiyo uzito mdogo. Mtu anayetaka kulipiza kisasi kwa Marekani haanzi kwa kuwapora wamiliki Weusi wa klabu za Pittsburgh na Newark, na hao ndio Pasquel alioanza nao. Nikimtazama naona mfanyabiashara aliyependa kushinda, aliyependa kuonekana, na aliyeona bidhaa bora ikiuzwa kwa bei ya kutupa upande wa pili wa mpaka.

Azules, timu ya Pasquel iliyozaliwa 1940, walibeba jina la Veracruz lakini nyumbani kwao palikuwa Parque Delta, katikati ya Mexico City, juu kabisa kwenye uwanda wa milima, mbali na bahari. Uwanja huohuo ulitumiwa na Rojos, timu ya mji mkuu iliyozaliwa mwaka huohuo wa 1940 na ambayo leo ulimwengu unaijua kama Diablos Rojos. Bluu na Nyekundu ndani ya uwanja mmoja: Pasquel alikuwa amepata alichokitaka, watani wa jadi ambao jadi yao ilianza juzi.

Kisha akaingia sokoni.

James Bell, mzaliwa wa Mississippi ambaye kila mtu alimwita Cool Papa, aliugawa msimu wa 1940 kati ya Torreón na Azules. Akamaliza akiwa wa kwanza katika ligi kwa wastani wa kupiga (0.437), kwa homurani (12), yaani mapigo yanayovuka uzio, na kwa mikimbio, yaani pointi, iliyozaliwa na gongo lake (79). Ray Dandridge, mlinzi wa kituo cha tatu kutoka Virginia, alikuja. Willie Wells wa Texas alikuja. Mrushaji Leon Day alikuja. Dihigo mwenyewe alivaa bluu, kama mchezaji na kama kocha. Na Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote katika Ligi za Weusi, zilizochezwa na wale waliozuiwa Ligi Kuu, akaja msimu ukiwa umeshaanza na kupiga homurani 11 katika michezo 22. Azules walikuwa mabingwa katika mwaka wao wa kwanza.

Wahesabu watu hao. Bell, Dandridge, Wells, Day, Dihigo, Gibson: wote 6 leo wamo katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, New York. Walifika mmoja mmoja kati ya 1972 na 1997, na baadhi yao walikuwa wameshafariki. Mwaka 1940 wote hao walivaa jezi moja, na kwa Ligi Kuu za Marekani hakuna hata mmoja wao aliyestahili kiti kwenye benchi.

Msimu wa 1941 ndio kilele. Kocha alikuwa Mcuba Lázaro Salazar. Gibson alicheza michezo 94, akapiga homurani 33, mapigo yake yakazaa mikimbio 124, na wastani wake ukawa 0.374. Mpigaji anayefikisha 0.300 huhesabiwa mzuri. Alitajwa mchezaji bora wa ligi, na Azules wakatwaa ubingwa wa pili mfululizo.

Huko Pittsburgh, Cum Posey, mmiliki wa Homestead Grays, alikwenda mahakamani. Gibson alikuwa amekubaliana naye kuhusu msimu ule kabla ya kwenda Mexico kwa mshahara wa dola 6,000. Mahakama ikampa Posey haki ya kudai dola 10,000, na nyumba ya Gibson ikawekwa rehani ya deni hilo. Posey aliiondoa kesi pale tu Gibson alipokubali kurudi Grays mwaka 1942. Simlaumu Posey. Yeye na Effa Manley, aliyeendesha Newark Eagles pamoja na mumewe, walikuwa wakiendesha biashara za Weusi ndani ya nchi iliyowabana kila upande: viwanja vya kukodi, mapato ya shida, mabasi barabarani usiku kucha. Newark peke yake ilipoteza kwa Mexico Wells, Dandridge, Day, na mwaka 1942 Monte Irvin, ambaye aliomba nyongeza akanyimwa, akaondoka kwenda Azules kwa mshahara uliozidi mara tatu ule wa nyumbani, na akapiga 0.397 na kuwa mchezaji bora wa ligi. Klabu yoyote ingeumia.

Wamiliki Weusi walitishia kuwafungia watoro kwa miaka kadhaa. Vitisho havikutekelezwa, kwa sababu bila nyota hao viwanja vyao vingekuwa vitupu. Hawakuwa na kamishna mwenye meno. Hawakuwa na magazeti makubwa ya kizungu ya kuwasemea. Ligi Kuu za Marekani, ambazo zingeweza kusema neno juu ya utakatifu wa mikataba, zilikaa kimya miaka yote 6.

Wachezaji wenyewe walikuwa na mengi ya kusema. Willie Wells, aliporudi Mexico mwaka 1944, alimweleza Wendell Smith wa gazeti la Pittsburgh Courier kwamba fedha haikuwa sababu pekee. Kule alilala katika hoteli nzuri, akala katika mikahawa ya watu wote, akatembea alikotaka. Alisema nchini mwake hakuwa ameupata uhuru huo, na kwamba Mexico alikuwa mtu mzima mwenye hadhi yake. Maneno hayo yalichapishwa wakati vijana Weusi wa Marekani wakipelekwa vitani kupigania uhuru wa watu wengine.

Hapa lazima niweke mpaka wa sifa. Jimbo la Veracruz lina historia ndefu ya Waafrika. Kuna mji uitwao Yanga, kwa kumbukumbu ya Mwafrika aliyeongoza watumwa waliotoroka na kujitawala milimani mwanzoni mwa karne ya 17. Hata hivyo taifa la Mexico lilichelewa mno kuwauliza wananchi wake kama wana asili ya Kiafrika: swali hilo liliingia katika sensa kamili mwaka 2020. Uhuru alioupata Wells ulikuwa wa kweli, na ulikuwa uhuru wa mgeni anayelipwa vizuri na kushangiliwa kila Jumapili. Mweusi wa Mexico aliyekuwa akibeba mizigo bandarini angekuwa na ushuhuda mwingine. Mtu anaweza kushikilia mambo haya mawili pamoja bila moja kuliua lingine.

Mwaka 1944 Azules walishinda ubingwa wa tatu, na mwaka huo una kisa kinachomweleza Pasquel vizuri. Alimleta Rogers Hornsby, Mmarekani mweupe, mmoja wa wapigaji wakubwa wa historia, awe kocha. Hornsby alikaa siku chache tu akaondoka. Inasimuliwa kwamba aliingia mwenyewe kupiga, akaipa timu ushindi, na mmiliki akamnung'unikia kwamba ushindi ule umeharibu hamu ya watu kununua tiketi za mchezo uliofuata. Siwezi kuapa kwamba kila neno lilitamkwa, ila kuondoka kwake haraka ni jambo la kumbukumbu. Kazi ikabaki kwa Ramón Bragaña, mrushaji Mcuba mweusi, ambaye msimu huo alishinda michezo 30. Hakuna mrushaji mwingine aliyefikia idadi hiyo katika historia ya Liga Mexicana. Bragaña anastahili makala yake peke yake, na anashangaza kwa jinsi anavyotajwa kidogo.

Sasa ndiyo tufike 1946.

Vita vilikuwa vimekwisha, askari walikuwa wakirudi viwanjani, na wamiliki wa Ligi Kuu walikuwa na wachezaji wengi kuliko nafasi. Mikataba yao ilikuwa na kifungu kimoja kizito: msimu ukiisha, klabu ilibaki na haki ya mchezaji mwaka unaofuata, na mwaka baada ya huo, hadi klabu yenyewe itakapoamua kumuuza au kumwacha. Mchezaji hakuwa na soko jingine la kwenda. Pasquel, sasa akiwa rais wa ligi nzima, akawa soko hilo. Danny Gardella wa New York Giants alikuja kuchezea Azules. Mdakaji Mickey Owen wa Brooklyn Dodgers alikuja. Max Lanier wa St. Louis Cardinals, aliyekuwa ameshinda michezo yake yote 6 ya mwanzo wa msimu, alifunga safari mwezi Mei na kuja kuwarushia Azules, pamoja na wenzake Lou Klein na Fred Martin waliovuka mpaka naye. Stan Musial, nyota wa Cardinals, alibembelezwa akakataa. Babe Ruth, mstaafu tayari, alialikwa Mexico na kuzungushwa kama mgeni wa heshima. Vern Stephens wa St. Louis Browns alisaini mkataba wa miaka 5, akacheza michezo 2 na Azules, akatoroshwa na baba yake na mwakilishi wa klabu kurudi kaskazini kabla adhabu haijamkuta.

Adhabu ilikuwa ya kamishna Happy Chandler: miaka 5 nje ya Ligi Kuu na ligi zote za Marekani zilizo chini yake. Klabu za Yankees na Dodgers zilikimbilia mahakamani kuwazuia akina Pasquel. Rais wa Dodgers na mmoja wa wamiliki wake, Branch Rickey, alikuwa miongoni mwa walioghadhibika zaidi.

Mtazame Rickey kwa makini, maana hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Mwaka 1945 huyu Rickey alimsaini Jackie Robinson, Mweusi ambaye angeufungua mlango wa Ligi Kuu, kutoka Kansas City Monarchs, timu ya Ligi za Weusi, na hakuilipa Monarchs hata senti. Alipoulizwa, alisema ligi zile hazikuwa ligi za kweli. Namheshimu kwa kuuvunja ukuta wa rangi. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri na ulibadilisha nchi. Lakini mtu yuleyule aliyeona mkataba wa Robinson si kitu, miezi michache baadaye aliuona mkataba wa Mickey Owen ni kitu kitakatifu. Pasquel alimfanyia Rickey kile Rickey alichowafanyia Monarchs, na kile Pasquel mwenyewe alichowafanyia Posey na Manley. Tendo ni moja katika mara zote tatu. Lililobadilika ni rangi ya ligi iliyoporwa, na mara moja tu kati ya hizo tatu ndipo nchi ilipoambiwa kwamba besiboli imeibiwa.

Uwanjani, msimu ule uliokuwa ghali kuliko yote ulikuwa wa aibu kwa Azules. Ubingwa ulikwenda Tampico, kwa Alijadores, timu yenye jina la wapakuzi wa shehena bandarini, iliyocheza katika uwanja ambao reli ilipita ndani yake. Wageni wengi waliteswa na hewa nyembamba ya mji mkuu, kwenye mita 2,240 juu ya bahari, ambako mpira uliorushwa kwa kupindishwa haupindi vizuri na ule uliopigwa huruka kama umetumwa. Safari za milimani ziliwachosha. Pasquel aliingilia kazi za makocha na kuwahamisha wachezaji kutoka timu hadi timu alivyoona inafaa, kwa kuwa ligi nzima ilikuwa mkononi mwake. Huo, kwa maoni yangu, ulikuwa ugonjwa mkubwa kuliko hasara ya fedha. Shabiki anayeona mmiliki mmoja akigawa wachezaji wa pande zote mbili hana sababu ya kuumia timu yake inapofungwa.

Na Weusi waliomjengea ubingwa? Waliona wageni weupe wakipewa mishahara ambayo wao hawakuwahi kuota. Dandridge alitaka nyongeza, akaamua kuondoka. Kisa alichosimulia ni kwamba alikuwa tayari ndani ya treni pale watu waliotumwa na Pasquel walipoizuia na kumrudisha, na nyongeza akaipata. Wengi hucheka wakikisimulia. Mimi nakiona kama ushahidi: hata kwa Pasquel, Mweusi alilazimika kutishia kuondoka ili alipwe kinachomkaribia mweupe aliyefika jana.

Ni kaskazini mwa mpaka ambako Azules waliacha alama iliyodumu. Kwa hofu ya Mexico, na kwa hofu ya chama cha wachezaji ambacho wakili Robert Murphy alikuwa akijaribu kukiunda mwaka huohuo, wamiliki wa Ligi Kuu walikubali kima cha chini cha mshahara cha dola 5,000 na mfuko wa pensheni. Kisha Gardella, ambaye adhabu ilimfikisha kwenye kazi ya uhudumu wa hospitali, akashtaki. Alidai kwamba kifungu kile cha mkataba kilikuwa kinyume cha sheria za ushindani. Mahakama ya kwanza ilimtupa nje. Februari 1949, mahakama ya rufaa mjini New York ikamrudisha ndani, kwa kura 2 dhidi ya 1. Jaji Jerome Frank aliandika kwamba mshahara mkubwa hauhalalishi hali inayokaribia utumwa. Rickey kwa upande wake aliwahusisha wapinzani wa kifungu hicho na ukomunisti.

Wamiliki waliogopa hukumu ya mwisho. Juni 1949 Chandler akawasamehe waliofungiwa wote, na Oktoba Gardella akakubali dola 60,000 kumaliza kesi. Mwaka 1950 St. Louis Cardinals walimpa nafasi moja tu ya kupiga, na hapo kazi yake katika Ligi Kuu ikaisha. Kifungu chenyewe kiliendelea kuishi hadi Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz alipokivunja, baada ya Curt Flood, mchezaji mweusi, kupigana nacho hadi Mahakama Kuu ya Marekani na kushindwa mwaka 1972. Katika safari hiyo ndefu, ufa wa kwanza ulitokana na mchezaji wa Azules.

Timu yenyewe haikuwa na wa kuirithi. Pasquel alipunguza mishahara, kisha akajitoa katika uongozi wa ligi. Azules walipata ubingwa mmoja zaidi, wa 1951, wakatoweka. Mwaka uliofuata bingwa alikuwa Águila, timu ya bandarini ambayo Veracruz iliimiliki moyoni tangu 1903. Pasquel alikufa katika ajali ya ndege Machi 1955. Parque Delta ilijengwa upya mwaka huohuo kwa jina la Parque del Seguro Social, ikadumu hadi 2000, na leo pale pana kituo cha maduka. Rojos, waliokuwa wapangaji wenzao, waliendelea kushinda: ubingwa 16 kati ya 1956 na 2014, kisha mwingine mwaka 2024 na tena 2025. Nao walikuwa na matajiri, na tangu 1994 wako chini ya Alfredo Harp Helú, mmoja wa watu wenye fedha nyingi Mexico. Lakini walikuwa timu ya mji uliowazunguka, na watu wa mji huo wangewauliza wamiliki wapya timu yao iko wapi. Azules walicheza Mexico City kwa jina la Veracruz. Walipoondoka, hakuna mtaa wa Mexico City uliohisi umepokonywa kitu, na Veracruz haikuwa imewahi kuwa nao. Msomaji anayefuatilia soka la Afrika Mashariki anawajua wafadhili wa namna hii, na anajua kinachotokea mfadhili anapochoka.

Kwa sababu hakuna mrithi, hakuna anayedai hesabu zao. Desemba 2020 Ligi Kuu za Marekani zilitangaza kwamba Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zitahesabiwa kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zikaingizwa rasmi. Josh Gibson, aliyefariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, chini ya miezi 3 kabla Robinson hajaanza kuichezea Brooklyn, sasa ndiye mwenye wastani wa juu kuliko wote wa maisha, 0.372, mbele ya Ty Cobb mwenye 0.367. Uamuzi huo ulikuwa wa haki na ulichelewa. Lakini mwaka wa 1940 wa Gibson katika daftari hilo ni karibu mtupu, na wa 1941 ni mtupu kabisa. Homurani 33 za Azules hazimo. Irvin wa 1942 hayumo. Bell wa 0.437 hayumo.

Hoja ya kuwaacha nje naijua. Mexico si Marekani. Mji mkuu uko juu mno. Na hakuna aliyewalazimisha kwenda. Kuhusu mwinuko, Colorado Rockies wanacheza Denver, kwenye mita takriban 1,600, na kila homurani yao inahesabiwa. Kuhusu kiwango, ningependa kuonyeshwa timu nyingi za 1940 zilizokuwa na watu 6 wa Cooperstown. Na kuhusu hiari: mtu aliyezuiwa kuingia ligi kuu ya nchi yake, akaenda alikolipwa na kuheshimiwa, hakuacha kuwa amezuiwa. Kizuizi kilekile kilichozifanya Ligi za Weusi zistahili kuhesabiwa ndicho kilichowapeleka Parque Delta.

Sidai namba hizo zichanganywe na kumpandisha Gibson wastani. Liga Mexicana ilikuwa ligi kuu ya nchi nyingine na inastahili kubaki hivyo. Ninachotaka ni mstari mmoja katika ukurasa rasmi wa kila mmoja wao, kwenye mwaka husika, wenye jina la timu na takwimu zake: 1941, Veracruz, michezo 94, homurani 33. Liga Mexicana, iliyotimiza miaka 100 mwaka 2025, ndiyo yenye kumbukumbu za misimu hiyo, na ndiyo inayopaswa kupeleka ombi hilo kwa Ligi Kuu huko New York.